Matofali ya Mara ya Pili

Watu waliokuja kumpa pole Esnath walianza karibu wote kwa maneno yaleyale: "Tumshukuru Mungu, hakuna aliyekufa." Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya migomba, nguo aliyovaa ndiyo nguo pekee aliyobaki nayo duniani. Mbele yake nyumba ilikuwa bado inafuka moshi. Kila aliyefika alimshika mkono, akainama kidogo, akamwambia ashukuru.

Mwanzoni aliitikia. "Ndaga," alisema, asante, kama anavyosema mtu aliyelelewa vizuri. Lakini kufikia jioni hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Mama mmoja wa kwaya alipoinama na kuanza, "Mama Hellen, la msingi hakuna aliye..." Esnath akamkatiza.

"Kama la msingi ni hilo, nenda kachome na yako, kisha uje tushukuru pamoja."

Maneno hayo yalizunguka Kinyala yote kabla wiki haijaisha. Wengine walisema moshi umemwingia kichwani, kwa sababu Esnath waliyemjua hakuwa na ulimi wa namna hiyo. Alizaliwa Mpuguso, akaolewa Kinyala na Erasto, mtu mpole, mzee wa kanisa, mkulima wa chai na ndizi kama yeye. Alikuwa mwanamke wa kuamka, kuchuma chai, kurudi, kupika, kwenda msibani, kurudi tena. Ukimkosea alinyamaza, na watu walidhani kunyamaza kwake ni kusamehe.

Nyumba ile waliijenga kidogokidogo. Msimu mmoja msingi, msimu mwingine kuta, kisha miaka ikapita bila kuongeza hata tofali moja kwa sababu mvua iliharibu mazao au mkwe aliugua. Matofali aliyafyatua Esnath mwenyewe, akiwa na mimba ya Hellen, tumbo limemtangulia, miguu ndani ya tope mpaka kwenye magoti. Bati walipaulia Hellen akiwa darasa la tatu. Ndiyo maana mtu alipomwambia, "Usijali, vitu vinatafutwa," aliona kama ametukanwa. Utautafuta wapi mgongo wa ujana?

Na hasira hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Asajile.

Asajile ni mdogo wake Erasto, mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kuahidi. Alikuwa amejenga kibanda umiza nyuma ya nyumba ya kaka yake, upande wa barabarani: mabati, mabenchi na televisheni moja, vijana wanaingia kutazama mpira. Umeme aliuvuta kutoka kwenye nyumba ya kaka, waya mwembamba wa kuungaunga uliopita juu ya dari ya jikoni kwa Esnath na kutokea chini ya bati. Esnath alimwambia zaidi ya mara moja.

"Shemeji, huu waya ukiushika una joto."

Asajile alicheka. "Shemeji, umeme nao una damu. Usipokuwa na joto ujue umekufa."

Esnath akaenda kwa mumewe. Erasto akatazama juu, akauona waya, akakuna kidevu. "Ni ndugu yangu," alisema. "Nitamwambia auondoe."

Haukuondolewa.

Siku ya moto, Esnath na Erasto walikuwa wamekwenda kuzika Kiwira. Kwenye kibanda kulikuwa na mechi kubwa. Picha ilipokatika, vijana walipiga kelele, wakamzomea Asajile, wakadai warudishiwe kiingilio chao. Walikuwa bado wanabishana pale mmoja wao aliposikia bati likilia mgongoni kwake, ule mlio wa bati linapojikunja kwa joto. Walitoka mbio. Walifanya kazi kweli, hilo Esnath hajawahi kulikana: walimwaga maji, walirusha tope, walikata migomba na kuyatupa mashina yake mabichi ndani ya moto. Lakini moto ulikuwa umeshaingia darini, na ukishaingia darini haumsikii mtu tena. Vikaungua vitanda, magodoro, maharage ya mbegu, cherehani, na picha ya mama yake Esnath, ambayo hakukuwa na nyingine kama hiyo popote.

Mvua ya Rungwe, mvua isiyomwonea mtu haya hata siku ya harusi yake, ilikuja baadaye, kila kitu kikiwa kimeshaungua.

Wiki ileile kikakaa kikao cha ukoo. Wa kwanza kusimama alikuwa Asajile. Alikuwa amevaa koti.

"Moto hauna mwenyewe," alisema kwa sauti ya msibani. "Haya ni mapito. Sisi kama familia hatuwezi kumwacha kaka yetu nje. Mimi mwenyewe nitasimamia ujenzi mpaka mwisho."

Wazee waliitikia kwa vichwa, wameridhika. Mmoja akasema hao ndio ndugu, siku hizi ni wachache. Wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Esnath alimgeukia mumewe. Erasto alikuwa anatazama viatu vyake, viatu vya kuazima. Hapo hasira ya Esnath ilipasuka vipande viwili, na kipande kikubwa kikamwendea mumewe.

Walihamia kwenye jiko la nje, kibanda cha mianzi ambacho zamani walipikia siku za sherehe. Walitandika majani makavu ya migomba, juu yake godoro la msaada. Esnath hakusubiri.

"Baba Hellen, waya uliuona."

"Niliuona."

"Na kwenye kikao ukanyamaza."

Erasto alinyoosha majani chini ya godoro. "Nikisema, ndiyo nyumba itasimama?"

"Nyumba haitasimama," Esnath alisema. "Nitasimama mimi."

Tangu siku hiyo Esnath alimpikia, alimfulia, alimwitikia akiitwa, lakini hakuongea naye neno lisilo la lazima.

Watu wa mjini hudhani nyumba iliyoungua kwa saa chache inarudi kwa mwezi mmoja. Hellen alikuwa Mbeya, anafundisha, na alipiga simu mara kwa mara akiwa na mawazo ya namna hiyo. "Mama, njooni mkae kwangu kwanza, mafundi wakimaliza mtarudi." Esnath alimwambia chai haichumwi kwa simu. Alijua kitu ambacho binti yake alikuwa amekisahau: huku hakuna anayejenga masika. Tofali haliwezi kukauka. Lori la mchanga haliwezi kupanda kilima. Mbao zinavunda zikiwa zimepangwa. Fundi anasema wiki ijayo, na wiki ijayo barabara ni utelezi. Kilichobaki ni kukaa na kuangalia.

Na aliangalia. Kuta zisizo na paa zilikunywa maji kama ng'ombe. Masizi yalishuka kwa vijito vyeusi mpaka kwenye bustani ya mboga. Harufu ya majivu yaliyolowa iliingia kwenye unga, kwenye nywele, kwenye kitenge alichopewa na jirani, na kila alipodhani ameizoea, mvua mpya iliiamsha tena. Kwenye kilichokuwa chumba cha kulala mboga maboga iliota yenyewe, ikatambaa mpaka pale kitanda kilipokuwa. Aliing'oa. Ikaota tena.

Wapita njia waliokwenda mnadani walimsalimia na kuongeza, "Bado tu?" Alichukia swali hilo kuliko mvua yenyewe.

Mvua ilipopungua kidogo karibu na Pasaka, Asajile alikuja na fundi wake, Jackson kutoka Kiwira. Kanisa lilikuwa linatarajia wageni wengi, na mwenyekiti wa kamati alitaka wageni wakute kitu cha kuonekana.

"Kuta si zipo?" alisema Asajile, akizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Tunapandisha kenchi, tunaweka bati, tunapiga lipu juu ya huo weusi. Wageni wakifika wanakuta nyumba."

Esnath alichukua mpini wa jembe akaugonga ukuta wa jikoni. Tofali lilimong'onyoka, likamwagika mchanga chini ya miguu yao.

"Huu ukuta umepikwa mara mbili na ukanyeshewa miezi," alisema. "Hauwezi kubeba paa."

Jackson aliutazama ukuta, akamtazama aliyemleta. "Ukipigwa lipu nzito unashika, mama."

"Baba Hellen," Esnath alisema, "sema wewe."

Erasto alisimama kati ya mkewe na mdogo wake. "Tujaribu," alisema.

Esnath alitwaa tenga lake akaenda shambani kwake. Alichuma chai siku ile kama anayeng'oa nywele za mtu. Jua lilikuwa halijafika utosini pale aliposikia kishindo, kisha sauti za watu, kisha kimya kibaya. Alitupa tenga akakimbia.

Kenchi ya kwanza ilikuwa imelala ndani ya nyumba na ukuta wa jikoni juu yake. Jackson aliruka kwa wakati, akaangukia kwenye migomba, akawa ameketi pale akishika kifundo cha mguu. Erasto alikuwa mweupe kwa vumbi kichwani mpaka miguuni. Asajile alimwona shemeji yake anakuja, akainua mikono yote miwili.

"Shemeji, tumshukuru Mungu, hakuna..."

Hakumaliza.

Esnath alipita katikati yao, akaokota nyundo kubwa ya fundi, akaenda kwenye ukuta wa sebule uliokuwa bado umesimama. Akapiga. Akapiga tena. Erasto alimfuata akanyoosha mkono.

"Mama Hellen, utaumia."

"Usinishike."

Alipiga ukuta ambao alikuwa amefyatua kila tofali lake, na kila pigo lilitoka na sauti, si kilio wala si neno. Asajile alimsaidia fundi kujikongoja hadi kwenye bodaboda wakaondoka. Erasto alibaki amesimama. Kisha akaenda, akachukua mtaimbo, akaanza kubomoa kona ya upande wa pili. Walibomoa nyumba yao kutoka pande mbili mpaka wakakutana katikati, jioni, hakuna kilichosimama tena ila msingi.

Kiangazi kilipofika, na ule ukungu wa baridi ulipoanza kuondoka mapema asubuhi, Esnath alichimba tope kando ya kijito na kuanza kufyatua. Hakuwa tena yule msichana mwenye mimba. Magoti yalilia, mgongo ulikaza, vidole vilipasuka kwa baridi. Erasto alibeba maji. Majirani walikuja siku moja moja, wakasaidia, wakarudi kwenye mashamba yao, kwa sababu nao wana maisha yao.

Asajile alikuwa ameshafungua kibanda kipya, huko sokoni, na televisheni kubwa kuliko ile ya kwanza. Alituma mtu kusema kwamba wakati wa paa ukifika, yeye atatoa bati.

Habari hizo zilimkuta Esnath ndani ya tope. Alisimama. Aliuliza tu, "Leo kuna mpira?" Mleta habari akasema upo, mkubwa. Esnath akatoka kwenye tope akaanza kutembea kama alivyo, hakunawa hata mikono.

Kibanda kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni. Alipenya kati ya mabenchi, tope lake likipaka magoti ya watu, akafika mbele, akageuka, akasimama mbele ya televisheni. Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka barabarani.

"Mama, toka! Mama, tunafungwa!"

"Oya, bi mkubwa, pisha!"

Esnath hakupisha. Alingoja mpaka waliokuwa wanapiga kelele wakaanza kunyamazishana wenyewe, kwa sababu baadhi yao walikuwa wamemtambua.

"Mlitazama mpira nyumba yangu ikiungua," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Siwalaumu, hamkujua. Leo mtanitazama mimi kidogo." Akanyoosha kidole cha tope hadi kwa Asajile, aliyekuwa pembeni na kopo la viingilio mkononi. "Huyu alijua. Nilimwambia waya una joto, akanichekea. Nyumba ikaungua, akavaa koti, akawaambia wazee moto hauna mwenyewe. Mwenyewe ndiye huyu hapa."

Nyuma yake mtangazaji alikuwa anapiga kelele za goli. Hakuna aliyeinuka.

"Shemeji," Asajile alisema kwa sauti ndogo, "haya si mambo ya hapa. Njoo tuongee nje. Bati nimeshasema nitatoa."

"Gwe Asajile, wewe, bati lako silitaki. Nataka miguu yako. Kesho asubuhi, kwenye tope. Usipokuja kesho, nitakuja hapa kila siku ya mpira, nisimame hapa hapa, mpaka nife au wewe ufunge."

Akatoka kama alivyoingia.

Esnath hakujua kama atakuja. Asubuhi aliamka, akaenda kijitoni, akamkuta ameshafika, amekunja suruali, anatetemeka kwa baridi. Pamoja naye walikuwa vijana wanne watano wa kibandani ambao hakuna aliyewaita. Esnath alimpa kila mtu kazi bila kumsalimu mtu. Asajile alimweka ndani ya tope, alikanyage mpaka lilainike.

Alikuja siku ya pili, na ya tatu. Siku moja walikuwa wawili tu, wengine wamekwenda kuchota maji. Asajile alikanyaga, akasimama, akakanyaga tena.

"Shemeji, ule waya..."

"Najua."

"Nataka kusema kwamba mimi ndiye..."

"Najua ni wewe. Kanyaga tope."

Alimnyima nafasi ya kulia. Baadaye Hellen alimuuliza kwa simu kwa nini hakumwacha aseme, si ndicho alichokuwa anakitaka? Esnath alifikiri, akamwambia mtu akishasema na kulia anaona amelipa, anakwenda zake. Yeye alikuwa na matofali ya kukamilisha.

Na bado hayakukamilika. Walikuwa wameyapanga yakauke, karibu ya kuchomwa, pale mvua isiyo na msimu ilipopiga alasiri moja, ikayageuza nusu yake kuwa tope tena. Esnath alisimama mlangoni pa kibanda cha mianzi akaitazama mvua, akaitukana kwa Kinyakyusa, matusi ya zamani ambayo Erasto hakujua kama mkewe anayajua. Asubuhi wakarudi kijitoni. Tanuri liliwashwa mwishoni kabisa mwa kiangazi. Kuta zikafika kwenye lenta, juu ya madirisha, mvua zikaanza, wakazifunika kwa majani ya migomba, na watu wakaanza tena kuuliza, "Bado tu?" Wakalala masika ya pili kwenye jiko la nje.

Paa lilipanda mwaka uliofuata. Fundi umeme alikuwa Twalib, wa Tukuyu mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara ya vitambaa. Alitandaza nyaya zake nene ndani ya mabomba, kazi ya siku mbili, bila maneno mengi. Asajile alikuwepo, alikuwa amebeba mbao tangu asubuhi, na labda kule kubeba mbao kulimpa ujasiri.

"Kaka," alimwambia Erasto, huku akimtazama Twalib, "nilikuwa nawaza, kwa vile fundi yupo, nivute taa moja tu, ya banda langu la kuku. Taa moja."

Esnath alikuwa anapalilia karibu. Jembe lilisimama hewani. Alitaka kusikia.

Erasto aliweka chini alichokuwa amebeba. "Hapana," alisema.

"Taa moja tu, kaka."

"Nimesema hapana, Asajile. Na ile siku ya kikao nilipaswa kusimama nikasema kilichotokea. Nilikuonea haya wewe, nikamwacha mke wangu peke yake. Hapana."

Twalib aliendelea na kazi yake kama mtu asiyesikia. Esnath alishusha jembe. Usiku huo, walipokuwa wanakula, alimuuliza mumewe kama chumvi imetosha. Ilikuwa mara ya kwanza katika muda mrefu kumuuliza swali ambalo halikuwa na lazima. Erasto alisema imetosha. Ilikuwa imezidi.

Walihamia na vyumba viwili tu vikiwa tayari. Madirisha mengine yalikuwa na magunia badala ya vioo, na sakafu ilikuwa ya udongo uliopigwa kwa mti. Harufu ya sementi mbichi ilimwasha Esnath pua, naye hakulalamika. Asajile alileta mkungu mkubwa wa ndizi siku ile. Esnath aliupokea, akasema ndaga, akaupeleka jikoni, akampa maji ya kunywa akiwa nje kwenye benchi. Hakumkaribisha ndani. Hajamkaribisha mpaka leo. Wanasalimiana, anamuuliza habari za watoto, na akiugua atakwenda kumwona, lakini mlangoni kwake Asajile bado hajapita, na Erasto hamwombi mkewe abadilishe hilo.

Mama wa kwaya, yuleyule wa siku ya moto, alipita wiki iliyofuata akasimama nje, akasifia paa, akauliza kama sasa wamemaliza.

"Bado," Esnath alisema. "Chumba cha nyuma hakina lipu, jikoni hakuna dari. Kiangazi kijacho." Akamfungulia mlango. "Ingia uone, lakini pita pembeni, hapo katikati pana unyevu."